Apolo Kivebulaya, Mwalimu Aliyekwenda Boga na Jembe

 

Kamati iliniomba niandike juu ya kazi ya vijana Nakivale. Nikaanza kuandika ripoti: vijana wangapi, viti vingapi, Biblia ngapi, ngoma ngapi. Nikafika nusu ya karatasi nikaona haya. Ripoti ya namna hiyo umeshaisoma mara nyingi, na mimi nimeshaiandika mara nyingi. Basi nimeamua nikusimulie maisha ya mtu mmoja aliyeifanya kazi hii kabla yetu, tena kwa miaka mingi kuliko yeyote kati yetu. Jina lake ni Apolo Kivebulaya. Katika mikutano yetu yote ya mipakani sijawahi kusikia mhubiri akimtaja, na hata katika chuo cha Biblia nilikopata cheti changu tulifundishwa habari za William Seymour na uamsho wa Azusa wa mwaka 1906, lakini huyu aliyepita hapa hapa kwetu kwa miguu hatukufundishwa.

Najua kuna atakayesema, huyo si alikuwa kasisi wa Kianglikana, anaingiaje kwenye gazeti la Wapentekoste? Ngoja kwanza, mpendwa. Soma hadi mwisho halafu utaniambia kama mtu huyo hakuwa na Roho.

Alizaliwa Buganda, karibu na mwaka 1864. Alikuwa pacha. Ninyi mnaoishi na Waganda mnajua kwamba pacha wa kiume anayetangulia kutoka tumboni huitwa Waswa, na hilo ndilo jina alilokua nalo. Nchi ilikuwa ya Kabaka Mutesa. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wameshafika na nguo, bunduki na dini ya Kiislamu, na Waswa alijifunza dini hiyo. Halafu mwaka 1878 akafika Mskoti mmoja, Alexander Mackay, mtu wa mashine na vyuma. Huyo Mackay hakuanza kwa kuhubiri tu. Alikuwa na karakana, alikuwa na mtambo wa kuchapa, na vijana walikuja kumtazama akifanya kazi, wakabaki kujifunza kusoma. Waswa naye alisikia mafundisho yake. Mbegu ikaanguka, lakini haikuota siku hiyo wala mwaka huo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya damu. Habari za Namugongo unazijua, kila tarehe 3 Juni barabara za Uganda hujaa watu wanaotembea kwenda huko. Waliochomwa moto mwaka 1886 wengi wao walikuwa vijana wa ikulu. Miaka miwili baadaye, 1888, Kabaka Mwanga akaondolewa, na baada ya muda mfupi Wakristo wakafukuzwa Buganda, wakatawanyika. Unajua walikimbilia wapi? Walikimbilia Ankole. Mfalme wa Ankole, Mugabe Ntare, akawapa nafasi eneo la Kabula, upande wa Lyantonde, ambako wewe ukitoka Mbarara kwenda Kampala basi lako linapita na watu wanakimbilia dirishani kununua ndizi.

Nataka usimame hapo kidogo. Nakivale inahesabiwa kuanza mwishoni mwa miaka ya 1950, walipopokelewa Wanyarwanda, na tumezoea kusema kwamba hapo ndipo nchi hii ya Ankole ilipoanza kujua wakimbizi. Kumbe miaka sabini kabla ya hapo ilikuwa imeshapokea wakimbizi, na walikuwa Waganda, Wakristo, waliobeba vitabu vyao kichwani. Kanisa ambalo baadaye lilituma wainjilisti kila upande lilipitia kwanza maisha kama yako ya kuomba mahali pa kulala katika nchi ya mtu mwingine. Mimi nilipolijua jambo hili, nilikaa kimya siku nzima.

Waswa alipitia misukosuko hiyo akiwa kijana wa miaka ya ishirini. Alibatizwa Januari 1895, umri wake ukiwa karibu miaka thelathini. Akachagua jina la Apolo, yule wa Matendo ya Mitume sura ya 18, mtu wa maneno na wa Maandiko. Hilo jina la pili, Kivebulaya, walimpa watu. Alikuwa na koti jekundu la kiaskari kutoka ng'ambo alilopenda kulivaa juu ya kanzu, wakamwita kwa Kiganda kitu kilichotoka Ulaya. Ilikuwa kama utani. Yeye akalichukua likawa lake.

Siku zile Mkristo katika Buganda aliitwa msomaji. Sababu ni kwamba huwezi kubatizwa kabla hujajifunza kusoma. Walianza na karatasi ya herufi, wakaenda kwenye silabi, wakafika kwenye Injili. Aliyejua leo, kesho anamfundisha mwenzake. Kwa hiyo kila mwamini alikuwa mwalimu mtarajiwa, na wale Waganda wakatoka wawili wawili kwenda Toro, Bunyoro, Busoga, hata hapa Ankole. Ukiwauliza watu leo nani aliyeleta Injili, watakuambia mzungu. Mzungu alikuja, ndiyo, lakini aliyelala kijijini, akala na watu na kuugua nao malaria, mara nyingi alikuwa mwalimu Mganda asiye na mshahara wa maana. Wale walimu walikuwa wageni kule walikotumwa, wenye lugha nyingine na chakula kingine. Wengine waliwashuku kwamba ni wapelelezi wa Kabaka au wa Waingereza.

Apolo alikwenda Toro mwaka huo huo aliobatizwa. Toro ilikuwa na mfalme kijana, Kasagama, ambaye alibatizwa 1896 kwa jina la Daudi, na kazi ikashika moto. Mtu mwingine angebaki pale. Kulikuwa na mfalme aliyeokoka, kanisa linalojaa na wamisionari wa kuzungumza nao. Lakini ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, ng'ambo ya mto Semliki, kulikuwa na mahali panaitwa Boga.

Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Ninyi mliokimbia kutoka Irumu mkavukia upande wa Ntoroko mnalijua bonde la Semliki, joto lake, mbu wake na viboko wake. Boga iko juu ya bonde hilo, upande wa Kongo, ukingoni mwa msitu wa Ituri. Chifu wake aliitwa Tabaro. Watu wake walikuwa Wahema, watu wa ng'ombe. Walimu wawili Waganda walikuwa wametangulia kupelekwa huko. Wakahubiri juu ya pombe na juu ya wake wengi, na chifu hakufurahi. Hakuwapiga. Alifanya jambo rahisi zaidi, aliwanyima chakula. Akaagiza watu wasiwauzie wala wasiwape. Njaa ikawashinda, wakarudi.

Usiwacheke. Hebu nikuambie kwa nini mimi siwezi kuwacheka. Februari 2021, mgao wa chakula ulipokatwa hadi asilimia sitini, nilikuwa na darasa la vijana ishirini na wawili hapa Nakivale. Wengine wana mzazi mmoja, wengine hawana hata mmoja, wengine ni wakuu wa nyumba wakiwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nawafundisha Neno na kusoma na kushona. Nyumbani kwangu posho iliisha tarehe kumi na nane. Nikawaambia vijana ninakwenda Mbarara kwa wiki mbili kutafuta. Nikakaa miezi mitano nikiuza mitumba. Niliporudi, darasani walikuwa wanne. Mashine moja ilikuwa imeuzwa. Kijana mmoja niliyemtegemea sana, aliyekuwa akiomba kwa machozi katika makesha yetu, alikuwa ameondoka na watu wa kwenda mjini, na hadi leo ninavyoandika sijui yuko wapi. Hakuna aliyenilaumu kanisani. Walisema mtumishi naye ni binadamu, ana watoto. Ni kweli. Lakini vijana wale wanne walinipokea kama mgeni anavyopokelewa, kwa adabu, na hiyo adabu iliniuma kuliko lawama.

Basi walimu wale wawili wa Boga nawaelewa kabisa. Sasa mtazame Apolo. Alipoambiwa kwamba Boga hawalishi walimu, hakungoja hadi itangazwe kwamba Boga imeanza kulisha. Alichukua jembe. Akavuka mlima, akavuka Semliki, akafika Boga mwishoni mwa 1896, akaanza kulima. Alipanda chakula chake mwenyewe kwenye ardhi ya watu waliomnyima. Mwalimu anayejilisha huwezi kumfukuza kwa njaa. Na katikati ya kulima akafundisha. Wa kwanza kumsogelea hawakuwa wazee wenye ng'ombe. Wenye ng'ombe walikuwa na cha kupoteza. Waliokuja kwanza walikuwa wadogo, wanyonge, wale ambao hakuna aliyewauliza walikuwa wapi mchana kutwa.

Tabaro alipoona njaa haifanyi kazi, akaagiza apigwe. Akapigwa sana, hadi watu wakadhani ndio mwisho wake. Akapona, akaendelea kufundisha.

Halafu likatokea jambo baya zaidi. Walikuwa wanajenga kanisa, na katika kazi hiyo dada yake chifu akachomwa na mkuki kwa ajali, akafa. Ilikuwa ajali, lakini Tabaro hakuitaka ajali, alimtaka Apolo. Akamshitaki kwa mauaji. Apolo akafungwa minyororo, akatembezwa ile njia aliyojia, chini bondeni, ng'ambo ya mto, juu ya mlima, mpaka Fort Portal mikononi mwa maofisa wa Kiingereza. Akatupwa gerezani. Ilikuwa 1898. Fikiri, mpendwa. Mwalimu wa kigeni ameletwa na chifu wa nchi kwa kosa la kuua dada wa chifu. Nani atamwamini? Wewe uliyewahi kukaa kwenye benchi la ofisi ukingoja mtu asome faili lako na kuamua kama maneno yako ni kweli, unaielewa hali hiyo kuliko mwandishi yeyote wa vitabu.

Na katika gereza hilo, akiwa amekata tamaa, Bwana Yesu akamtokea. Mwenyewe aliliandika na kulisimulia tena na tena maisha yake yote. Alimwona Yesu aking'aa kama jua, akamtia moyo asiogope kwa kuwa yuko pamoja naye. Alisema kwamba kuanzia saa ile alipohubiri watu walivutwa wakaacha njia zao. Sasa, wewe uliyeuliza mwanzoni kuhusu kanzu na Uanglikana, jibu swali hilo mwenyewe. Azusa ilikuwa bado miaka minane mbele.

Aliachiliwa, kosa halikuonekana. Na alipoweza akarudi, huko huko Boga.

Mimi nimehubiri juu ya kusamehe mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini kuvuka tena Semliki kwenda kwa mtu aliyekunyima chakula, akakupiga, akakufunga kwa uongo, na kuchukua tena jembe lako mahali ulipoliacha, hilo ni jambo jingine. Tabaro alishindwa kulielewa. Alikuja kumsikiliza huyu mtu asiyeondoka. Mwishowe chifu mwenyewe akaamini, akabatizwa, na jina alilochagua ni Paulo, mtesaji aliyegeuka. Nadhani alijua vizuri kwa nini alichagua jina hilo.

Vyeo nitavipitia haraka. Askofu Tucker alimfanya shemasi mwaka 1900 na kasisi 1903. Miaka mingi baadaye kanisa la Namirembe likampa heshima ya kuwa kanoni. Alifanya kazi Toro kwa muda, akizunguka vijijini. Katikati ya hayo wazungu wakapanga mpaka upya, karibu na mwaka 1910, na Boga iliyodhaniwa kuwa ya Waingereza ikawa ya Kongo ya Wabelgiji. Watu wa Boga hawakuhama hata hatua moja, ila waliamka wako nchi nyingine. Waumini wakapoteza walimu wao, kazi ikapoa. Apolo hakuukubali huo mpaka moyoni. Karibu na mwaka 1915 akarudi Boga kukaa, akiwa mtu wa miaka hamsini. Mtu wa umri huo hupewa kazi mjini, karibu na hospitali.

Sasa juu ya nyumba yake, maana ndiyo sababu hasa ya kuandika makala hii. Apolo hakuoa. Alikuwa na mchumba, akafa kabla ya ndoa, na yeye hakutafuta mwingine. Lakini nyumba yake haikuwa ya mtu mmoja. Ilijaa vijana. Walilala kwake, walilima naye, walikula naye, walisoma naye. Mshahara wake mdogo uliishia kwao na kwa walimu wenzake. Hakuwa na darasa la saa mbili halafu kila mtu kwao. Kijana alimwona akiamka kuomba, alimwona akichoka, alimwona akikosa pesa na anachofanya akikosa pesa. Alipokwenda safari za vijijini alikwenda na vijana, na huko waliona jinsi mtu anavyoingia kijiji cha wageni, anavyosalimu, anavyokaa. Baada ya muda anamwachia mmoja kijiji hicho awe mwalimu wake, halafu yeye anasonga mbele na wengine. Hivyo ndivyo kanisa la Boga lilivyopata walimu. Hawakutoka ng'ambo. Walitoka jikoni kwake.

Hapa naomba niseme jambo kwa upole, na kama linakugusa usinikasirikie. Wanaokuja kutembelea vijana wetu Nakivale ni wengi, na wengine ni sisi wenyewe wa ushirika huu kutoka upande wa pili wa mpaka. Gari linafika saa tano. Sabuni inagawiwa, nyimbo zinaimbwa, picha zinapigwa na watoto mbele, maombi ya kuweka mikono, na saa kumi gari limeondoka kabla mvua haijaharibu barabara ya Mbarara. Vijana hawachukii wageni. Wanaimba vizuri, wanacheka. Lakini wamejifunza kuhesabu. Mmoja aliniuliza siku moja, bila ubaya wowote, kama na mimi ninao muda wangu wa kuondoka, ili ajue. Sikuwa na jibu zuri. Nilikuwa nimeshawahi kuondoka.

Tuendelee. Mwaka 1921 Apolo alikuwa mzee wa miaka karibu sitini, na kwa miaka yote hiyo msitu ulikuwa pale pale, unaonekana kutoka Boga. Ndani yake walikaa Wambuti, watu wafupi wa msituni ambao wengine huwaita mbilikimo kwa dharau. Kila mtu aliwadharau. Wakulima waliwatumia kwa nyama na asali, serikali haikuwajua, na hata makanisani nadhani wapo waliodhani Injili haiwahusu. Apolo akaota ndoto. Kristo alisimama karibu naye katika sura ya mwanadamu, akamwagiza aende kuhubiri msituni, naye atakuwa pamoja naye. Neno lile lile la gerezani, baada ya zaidi ya miaka ishirini.

Akaingia msituni. Wambuti hawakai mahali pamoja, wanafuata mawindo, kwa hiyo leo unawakuta, kesho vibanda vya majani viko vitupu. Ilibidi aende, akose, arudi tena. Akazoea kukaa nao, akajifunza maneno yao, akawafundisha kusoma watu ambao hakuna aliyewahi kufikiri wanafundishika. Akatafsiri Injili ya Marko kwa lugha yao. Fikiria ni mtu wa namna gani anayeanza kutafsiri akiwa mzee, kwa ajili ya watu ambao hawana hata kitabu kimoja. Na kabla ya kufa aliwabatiza wa kwanza wao.

Mwaka 1933 moyo wake ulikuwa umechoka. Alikuwa amekwenda Kampala kwa matibabu, na rafiki zake wangependa abaki huko, kwao, Buganda, alikozaliwa pacha. Yeye akataka kurudi Boga. Wakamrudisha. Akafa huko tarehe 30 Mei 1933.

Kuna neno juu ya kaburi lake. Desturi ilikuwa Mkristo azikwe kwa namna ya kuelekea mashariki. Apolo aliagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu na wa Kongo yote iliyo mbele, kwa sababu kazi ilikuwa bado haijafika huko. Wakafanya alivyoagiza. Na kazi ikaenda. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi ya kwanza ya Waanglikana wa nchi hiyo, na baada ya hapo zikazaliwa nyingine, mpaka Kisangani na Lubumbashi. Ninyi wa Bunia na Goma na Bukavu ambao jirani zenu ni Waanglikana, chimbuko lao ni jembe lile.

Lakini Boga haikupata raha. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, yaani usiku ule ule wa kumbukumbu ya kifo chake, watu wenye silaha waliingia Boga na Tchabi wakaua watu zaidi ya hamsini, wengi wao wakiwa tayari wamekimbia kutoka sehemu nyingine. Waliobaki wakatawanyika. Wengine wakavuka Semliki kuja Uganda, njia ile ile ya Apolo, ila wao wakielekea upande wa pili. Baadhi ya watu wa Ituri na watoto wao tuko nao hapa Nakivale. Mganda alivuka kwenda kwao kama mgeni, na wao wamevuka kuja Uganda kama wageni.

Katika darasa letu yupo kijana mmoja wa huko. Nilipokuwa nasimulia habari hizi Jumamosi moja, wenzake wakidhani ni hadithi ya Biblia, yeye akainua mkono, akasema kaburi hilo ameliona, bibi yake alikuwa akimpitisha hapo walipokuwa wakienda kanisani. Alikuwa hajasema neno darasani kwa wiki saba. Wenzake wote wakageuka kumtazama. Wakamuuliza maswali hadi giza likaingia, Boga kukoje, msitu uko mbali kiasi gani, chifu wa sasa ni nani, na kama mihogo inastawi. Mimi nilikaa pembeni, siku hiyo sikufundisha kitu.

Darasa hilo bado lipo. Sasa ni vijana kumi na saba. Tunakutana kila Jumamosi saa nane mchana, na tangu mwaka jana tuna shamba dogo la mahindi na maharage nyuma ya kanisa, ili mgao ukikatwa tena darasa lisifungwe kwa njaa ya mwalimu. Mashine za kushona ni mbili, moja inasumbua. Mpendwa, ukija kututembelea usije kwa siku moja. Njoo ulale, turubai ya ziada ipo. Na ukiweza kubeba kitu, sabuni tunashukuru, lakini majembe tuliyo nayo ni matano tu.